Ghalib Fundi Hita na Mlango wa Bafu

Ghalib alikuwa mkorofi, na sitaki mtu amalize kusoma haya kisha aje kunibishia. Mkono wake ulitangulia, maneno yakafuata. Miaka minane niliyomjua hapa Guangzhou nimemwona akimkunja shati mwenye nyumba mmoja wa Kichina mpaka vifungo vikaruka. Nimemwona akipasua kioo cha dirisha kwa kiwiko huku mwenye chumba amesimama na mswaki mdomoni. Mimi mwenyewe amenizaba kofi ambalo jino langu la nyuma halijalisahau. Tulikuwa hatupatani hata kidogo. Mimi Shamsia sina subira na mwanamume anayeingia nyumba za watu kama vile hati ni za kwake.

Ila nimekaa na jambo lake kifuani mwaka mzima, na limenichosha. Leo nalisema hadharani.

Alizaliwa Chake Chake, akaja huku kwa ufadhili kusomea mabomba na mitambo ya joto. Mwaka wa pili alikuwa anakaa chumba kimoja na Abdulrazak, kijana wa Tanga. Siku moja ya baridi Abdulrazak aliingia kuoga, maji yakawa yanamwagika tu. Ghalib alikuwa upande wa pili wa mlango anakaanga mayai. Alimwita mara mbili, hakujibiwa, akadhani mwenzake amenuna maana walikuwa wamegombana asubuhi. Mayai yalipoiva ndipo alipovunja mlango. Abdulrazak alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, sabuni bado iko mkononi, na amekwisha kufa.

Kwa walioko nyumbani nieleze. Huku maji ya kuoga tunapasha kwa hita ya gesi, sanduku jeupe linaloning'inia ukutani. Ukifungua bomba la maji ya moto linawaka lenyewe. Moshi wake unatakiwa kutoka nje kwa bomba la bati. Bomba hilo likitoboka au likichomoka, moshi unarudi ndani, na moshi huo hauonekani, haunuki, wala hauwashi macho. Kichwa kinauma, miguu inalegea, basi. Bomba la hita ya akina Ghalib lilikuwa limechomoka kwa upana wa vidole viwili.

Tangu hapo hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Alimaliza masomo, akaajiriwa kufunga mizigo kwenye ofisi ya kago mtaa wa Xiaobei, ambako na mimi nafanya kazi, na siku zake za mapumziko akawa anapanda ghorofa moja baada ya nyingine kukagua hita za Waswahili. Hakutengeneza. Alisema kufungua mitambo ya gesi ni kazi ya mwenye leseni, na yeye hana. Alitazama moto kwenye kile kidirisha, akapapasa bomba la moshi kutoka mwanzo hadi mwisho, akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi aone kama linatoa mapovu. Kikimridhisha alichokiona alikwenda zake bila kuaga. Kisipomridhisha alifunga valvu na kukwambia uite kampuni ya gesi.

Hapo ndipo penye balaa letu. Kampuni ya gesi hupeleka watu wake kila mwaka kukagua, na ukaguzi ni wa bure. Lakini sisi akigonga mtu mwenye sare tunazima televisheni na kubana pumzi, tunadhani wamekuja kutazama paspoti. Mkaguzi anabandika karatasi mlangoni, anaondoka. Mlangoni kwangu walibandika karatasi tatu kwa miaka mitatu, na zote nilizibandua nikafungia bizari.

Ghalib huwezi kumfanyia hivyo. Anaijua sauti yako, anajua umo ndani, na atapiga teke. Chacha, mwanafunzi wa chuo, aliona upepo unapenya kwenye tundu linalopitisha bomba la moshi, akaliziba kwa katoni na tepu ya mizigo. Ghalib alipoona hivyo alimvuta kutoka kitandani kwa mguu. Wakashikana, wakabingirika ngazi za ghorofa mbili, majirani wa Kichina wakafungua milango na kuifunga tena. Chacha alitoka na mdomo uliopasuka, Ghalib na sikio lililochanika. Wiki iliyofuata Chacha alikuwa anamwonyesha kila mtu kengele ya gesi aliyoinunua. "Afadhali niinunue," alisema, "lile jitu lingenimaliza kabla ya gesi." Tulicheka mpaka machozi.

Mwezi wa kumi na mbili akaja kwangu.

"Bi Shamsia, fungua."

"Nimejifunga kanga, nenda."

"Jifunge baibui kisha ufungue."

Alikwenda moja kwa moja bafuni. Hita yangu ilikuwa humo humo bafuni, kosa la yule aliyejenga. Aliiwasha, akainama kuchungulia, akaniita kwa kidole kama mtoto.

"Moto wa rangi gani huu?"

"Njano. Kama moto."

"Unatakiwa uwe wa buluu. Wa njano maana yake haupati hewa, na moshi wake ndio ule unaoua. Tazama masizi haya. Na bomba hili." Alilikandamiza kwa kidole gumba, kidole kikazama kwenye kutu. "Huogi tena hapa mpaka kampuni ya gesi waje wabadilishe. Usipoweza kuwaita, mwite mwenye nyumba."

Alifunga valvu, akazungushia tepu nyekundu. Nikamwambia mwezi ujao nina harusi, Kauthar binti wa kaka yangu, na mimi ndiye somo wake wa kumfunda na kumwandaa, na bi harusi haogeshwi kwa maji ya birika kama mgonjwa.

"Basi muogeshe kwa birika."

"Mwana wa nani wewe wa kunipangia harusi? Toka!"

Nilimsukuma, naye akaipiga hita ngumi moja mpaka kifuniko kikabonyea, akaniambia, "Ukiiwasha nitakuja kuing'oa ukutani." Alipofika kwenye ngazi nikamtupia kiatu. Kilimpata mgongoni.

Mwenye nyumba nilimpigia. Alisema mei wenti, mei wenti, hakuna tatizo, baada ya Mwaka Mpya wa Kichina. Kampuni ya gesi sikuiita, maana wakati huo nyumbani kwangu walikuwa wanalala watu wanne na mkataba unasema mmoja. Siku mbili baadaye nilibandua ile tepu nyekundu, nikafungua valvu. Iliwaka vizuri tu. Nikaoga, sikufa, nikaona Ghalib ni kelele.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Alhamisi, mwezi wa kwanza, baridi ile ya Guangzhou inayoingia kwenye mifupa kwa sababu nyumba hazina cha kuzipasha joto. Wageni waliokuwa wanalala kwangu nilikuwa nimewahamishia hotelini ili nyumba iwe ya wanawake. Kauthar alikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari, anaolewa Jumamosi na Burhani, mfanyabiashara wa Unguja anayenunua nguo soko la Shahe. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, Kauthar, na rafiki yake Loyce, msichana wa Moshi wanayesoma naye. Wanawake wengine walikuwa waje baada ya sala ya alasiri.

Singo nilikuwa nimeisaga mwenyewe, liwa na mawaridi na karafuu. Bi harusi husuguliwa singo, kisha anakaa kwenye mvuke wa maji ya moto mpaka vinyweleo vifunguke, kisha anafukizwa udi, na udi unakaa mwilini siku tatu. Lakini ili ukae, nyumba lazima izibwe. Kwetu nyumbani tunaziba kwa mashuka na makanga. Mimi kazi yangu ni kufunga mizigo, na tepu ipo. Nikaziba madirisha yote. Nikaziba uwazi wa chini ya mlango wa nje. Nikapanda kigoda bafuni, nikaziba na lile tundu la bomba la moshi, tabaka tatu, nikalipigapiga kwa kiganja lishike. Kwa mkono huu.

Nilimsugua Kauthar singo, tukataniana, akalia kidogo kwa ajili ya mama yake aliyeko Unguja. Kisha nikamwachia maji ya moto, nikamwambia ajifungie akae kwenye mvuke mpaka nimwite. Nikatoka nje ya mlango wa bafu, nikawasha mkaa kwenye chetezo. Kichwa changu kilikuwa kinagonga, nikasema ni funga ya Alhamisi. Loyce akasema na yeye kichwa kinampasuka, anasikia kutapika. Nikamcheka. "Udi haujawazoea watu wa mlimani," nikamwambia. Akatoka akapunge hewa kwenye ngazi, nami nikaziba tena chini ya mlango nyuma yake.

Ghalib alimkuta huko, ameshika ukuta anatapika. Alikuwa anakwenda ghorofa ya juu yetu kumkagulia mtu. Alimuuliza una nini, akamjibu kichwa. Akamuuliza mmewasha hita? Akamjibu bi harusi yuko bafuni tangu saa nane. Akamwambia ashuke chini kabisa penye hewa.

Niliusikia mlango wa nje ukipigwa, kisha ukafunguka kwa teke, na tepu niliyoziba chini ikachanika kwa mlio mrefu. Ghalib huyo, na nyundo yake ya kazini mkononi.

"Yuko wapi?"

"Astaghfirullah! Mwanamume! Humu mna bi harusi yuko uchi! Toka!"

"Kauthar!" Aliita kwa nguvu. "Kauthar, nijibu!"

Maji yalikuwa yanamwagika tu.

"Hajibu," akasema.

"Ulitaka ajibu? Bi harusi yuko ndani ya singo, atamwitikia mwanamume? Kanyamaza kwa sababu kafunzwa. Nimemfunza mimi!"

Na nilifurahi, Mungu anisamehe. Ule ukimya wake ulinijaza fahari.

Alikuja mlangoni. Nikasimama mbele ya mlango, mikono kulia na kushoto. Akanishika bega anitoe, nikamng'ata. Nilimng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Akanipiga kwa kiwiko kifuani, nikarudi tena. Hapo ndipo adhana ya alasiri ilipoanza kwenye simu yangu iliyokuwa mezani, na nasema hili ili mjue kipimo: ilianza tumeshikana, ikaisha bado tumeshikana.

"Anakufa humo!" alikuwa anapiga kelele. "Mama we, anakufa!"

"Hapiti mtu! Hapiti mtu mbele ya mtoto wangu!"

Nilimpiga makucha ya uso. Alinivuta ushungi, kichwa changu kikagonga ukuta, nikaona nyota. Nikainama, nikaokota chetezo na mkaa wake unawaka, nikampiga nacho kichwani. Kilipasuka. Makaa yakaingia kwenye kola ya koti lake, nikasikia ngozi inaungua, naye akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtu mzima. Lakini hakurudi nyuma. Alinizaba lile kofi, kwa mkono mzima, nikaruka mpaka chini ya meza. Kisha akauvaa mlango kwa nyundo. Pigo la kwanza kitasa, la pili komeo, la tatu mlango wote ukaanguka ndani.

Alichukua kanga yangu iliyokuwa kwenye kiti, akaikunjua mbele yake kama pazia, akageuza uso pembeni, akaingia hivyo hivyo, anapapasa. Alitoka naye amemviringa ndani ya kanga, miguu inaburuta. Akampitisha mpaka kwenye korido, akamlaza penye hewa, akarudi kufunga gesi, akapasua madirisha yote kwa nyundo, moja, mbili, tatu, vioo vikamwagikia chini barabarani. Mimi nilitambaa mpaka kwa Kauthar. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilimwita, sikuitikiwa. Nikamshika kifua, kikanyanyuka kidogo sana. Nikalia kwa sauti.

Ghalib alikuwa amekwisha piga simu ya gari la wagonjwa. Akachuchumaa mbele yangu, damu inamtiririka kwenye nyusi, na akaniambia maneno haya taratibu, yeye asiyejua kusema taratibu:

"Umemtoa wewe. Umesikia, Bi Shamsia? Wewe ndiye uliyevunja mlango, wewe ndiye uliyembeba. Mimi sikuingia. Hakuna mwanamume aliyeingia."

Nikatikisa kichwa kukubali.

Loyce alipopanda alitukuta hivyo, mimi nimempakata Kauthar na Ghalib anashuka ngazi. Yeye kutoka chini alichosikia ni kelele zangu, mlio wa kofi na wa nyundo; aliyeishika nyundo hakumwona.

Hospitali walimweka Kauthar kwenye chumba cha oksijeni. Daktari alisema dakika chache zaidi tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Siku ya pili alifumbua macho, siku ya tatu alizungumza. Na mimi nikawa shujaa. Wanawake walikuja na birika za chai, wakanibusu mikono. Simu zikaja kutoka Unguja. Shamsia kavunja mlango! Shamsia kambeba mtoto mgongoni! Shavu langu limevimba kama andazi, na kila aliyeuliza, Loyce alimjibu alichokiamini: Ghalib alikuja kufanya fujo zake za hita, akamkuta Bi Shamsia peke yake, akampiga.

Ningeweza kusema. Nilijiambia sisemi kwa ajili ya Kauthar. Burhani akisikia mchumba wake katolewa bafuni na mwanamume, ndoa imevunjika, jina la mtoto limekwisha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijiamini.

Dullah, kaka yake Kauthar, ana duka la kutuma mizigo karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, ana vijana wa kubeba marobota wenye mabega kama milango. Jumapili mchana alinipitia na vijana wake wawili. "Shangazi, twende," akasema. "Nataka uone." Nikajua anakokwenda. Nikapanda teksi.

Tulimkuta Ghalib nje ya mgahawa wa Xiaobei, ana bandeji shingoni mahali alipoungua. Dullah hakumsalimia. Alimpiga kichwa cha pua, Ghalib akaanguka kwenye viti vya plastiki, na wale wengine wawili wakamwingia kwa mateke. Watu walitoka madukani. Hakuna aliyeamulia, maana nani hapo hakuwa na kisa chake na Ghalib, dirisha lililopasuliwa, mlango uliopigwa teke? Kuna mwanamke aliyeshangilia. Ghalib alikuwa anarudisha, anajua kupigana, lakini watatu ni watatu.

"Unampiga shangazi yangu!" Dullah alikuwa anasema kwa kila teke. "Mwanamke! Siku anayomwokoa dada yangu!"

Ghalib alinyanyua uso. Aliniona nimesimama nyuma ya Dullah na mkoba wangu. Tulitazamana. Neno moja tu lingetosha, kwake au kwangu. Yeye alilimeza. Mimi nikautazama mkoba. Dullah akaukanyaga mkono wake ukiwa umelala juu ya ukingo wa barabara, kwa kisigino, na ulivyolia ule mkono nausikia hata nikipika. Mtu akapaza sauti kwamba polisi wanakuja, tukatawanyika wote.

Baada ya wiki mbili tulisikia Ghalib amerudi Pemba. Hawezi kushika spana, vidole vimekufa ganzi. Watu wakasema afadhali, mji umepumua.

Harusi iliahirishwa wiki tatu. Niliandaa singo upya, safari hii kwa Dullah, kwenye hita iliyofungwa nje kwenye roshani, na dirisha wazi hata kama meno yanagongana. Nilikuwa namsugua Kauthar mgongo aliponiuliza, bila kugeuka:

"Shangazi, Ghalib yuko wapi? Nataka aje harusini."

"Kaenda kwao."

"Loyce kaniambia wamemvunja mkono."

Nikaendelea kusugua.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Bafuni. Mwili haukwenda, ulimi haukuinuka, lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi. Nilimsikia akiniita. Nikakusikia wewe ukisema kanyamaza kwa sababu kafunzwa. Nilikuwa nakuita, shangazi. Nakuita kwa nguvu zangu zote na hakitoki kitu. Nikasikia 'hapiti mtu'. Nikajua nimekufa."

Nikamwambia, mwanangu, baada ya hapo nilinyamaza kwa ajili yako. Kwa ajili ya heshima yako. Burhani angesikia...

"Burhani nilimwambia siku ya tatu, hospitalini. Nilipoweza tu kusema. Alisema Alhamdulillahi, na akataka kwenda kumshukuru, mimi nikamwambia asubiri nitoke, tutakwenda pamoja. Nimetoka juzi tu." Aligeuka, akanitazama. Uso wake umejaa singo, macho makavu. "Sasa ulikuwa unamfichia nani?"

Nilitaka kusema uwongo mwingine na nilikuwa nao tayari. Nikashindwa. Nikamwambia, "Nilikuwa najifichia mimi. Niliona haya kwamba nilikuzibia mimi, nikakufungia mimi."

Akauchukua mkono wangu, akautoa begani kwake, akaniambia nikamalizie maneno hayo kwa Dullah, sasa hivi, yeye atajisugua.

Dullah alikuwa sebuleni anahesabu viti vya wageni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, singo imekauka mikononi: tepu, adhana, chetezo, mlango, na maneno ya Ghalib kwenye korido. Sikupunguza. Nilitegemea anipige, na ningemshukuru. Alikaa kwenye kiti kimojawapo, halafu akauliza mkono tuliouvunja ulikuwa wa kulia au wa kushoto.

Nikamwambia wa kulia, ule ule ulioshika nyundo.